Mgahawa wa Upanga unaopima mafuta kwa kijiko: tathmini ya mlaji asiye na mfuko wa nyongo

Mtu aliyetolewa mfuko wa nyongo anapoingia mgahawani, jambo la kwanza analohitaji kumwuliza mpishi ni kiasi cha mafuta kilichomo chunguni, na katika migahawa mingi ya Dar es Salaam swali hilo hupokelewa kwa kicheko, kwa kuwa mafuta humiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu na hakuna anayeyapima. Mgahawa ninaoutathmini hapa, ulioko mtaa wa nyuma katika eneo la Upanga, una jibu. Mwenye mgahawa, mama wa makamo aliyekulia Kilimanjaro, hupima mafuta kwa kijiko cha chakula, na ukimwuliza atakutajia idadi ya vijiko alivyoweka na idadi ya watu ambao sufuria ile inawatosha. Kwa sababu hiyo moja naupa alama ya juu, ingawa zipo kasoro nitakazozieleza, na mojawapo ni kubwa kiasi kwamba aliyetoka hospitali karibuni asithubutu kwenda huko siku ya Ijumaa.

Mgahawa hauna kibao. Uko chini ya nyumba ya ghorofa, una meza chache zilizotandikwa plastiki, na wateja wake wakubwa ni wafanyakazi wa ofisi za jirani pamoja na ndugu wa wagonjwa waliolazwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambayo haiko mbali. Hao ndugu wa wagonjwa ndio waliolifanya jiko hili liwe lilivyo, maana huja na vyombo vyao na masharti ya madaktari, huyu hataki chumvi, yule hataki sukari, na mama huyo amezoea kuulizwa bila kuudhika. Nilimsikia kijana mmoja akimwambia, "Shikamoo mama, mgonjwa wangu amekatazwa mafuta," naye akaitikia marahaba, kisha akamwuliza, "Amekatazwa kabisa, mwanangu, au kaambiwa apunguze?" Swali hilo lina maana kuliko sehemu kubwa ya ushauri ambao mgonjwa wa nyongo hupewa na majirani.

Lina maana kwa sababu ini haliachi kutengeneza nyongo baada ya upasuaji. Ini la mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita hadi lita moja ya nyongo kwa siku, na kazi ya mfuko ilikuwa kuhifadhi sehemu ndogo tu, mililita 30 hadi 50 hivi, kuikoleza, na kuitoa kwa mkupuo pale mlo wenye mafuta unapofika kwenye utumbo mwembamba. Mfuko ukishaondolewa, nyongo hutiririka kidogo kidogo kutoka kwenye ini hadi utumboni, iwe umekula au hujala. Mafuta machache humeng'enywa bila taabu; mafuta mengi yakifika kwa pamoja, hasa katika wiki za mwanzo ambapo mwili bado unajizoesha, tumbo huweza kujaa, kichefuchefu kikaanza, au mtu akaharisha. NHS, ambayo ni huduma ya afya ya taifa nchini Uingereza, huwaeleza wagonjwa wake kwamba hawahitaji mlo maalumu baada ya upasuaji huu, na kwamba wanaweza kurudia chakula cha kawaida mapema, ingawa wengi hupendelea kuanza na milo midogo. Anayeapa kutogusa tena hata tone la mafuta anajinyima pasipo sababu, na isitoshe vitamini A, D, E na K huhitaji mafuta ili zifyonzwe mwilini.

Mlo wa kuanzia hapa ni mtori, na ndio hasa ulionifanya niandike tathmini hii. Nyama huchemshwa jioni pamoja na mifupa, supu ikapoa usiku kucha ndani ya jokofu, na asubuhi utando mweupe wa mafuta yaliyoganda juu huondolewa wote kwa upawa kabla ya ndizi mbichi kuingizwa sufuriani. Hatua hiyo haigharimu chochote isipokuwa subira, lakini ni wapishi wachache wa mitaani wanaoichukua, kwa sababu wateja wa kawaida hupenda kuona macho ya mafuta yakielea juu ya supu na huyahesabu kuwa dalili ya supu nzuri. Ndizi zikishaiva hupondwa kwa mwiko hadi zilainike, na chumvi huwekwa ya wastani. Uchagani, ambako mtori hupewa mama aliyejifungua ili apate nguvu, wapo wanaomalizia kwa siagi au samli; hapa samli huletwa pembeni katika kibakuli, na anayeihitaji hujitilia mwenyewe. Wanaotuhimiza tunywe mtori kwa kuwa nyama ziko chini wangeridhika, kwani nyama kweli iko chini, vipande vidogo vya paja visivyo na mafuta, laini kiasi cha kukatika kwa kijiko.

Jambo la pili linalonipendeza kuhusu mtori huo ni kwamba huuzwa kwa nusu bakuli. Mgonjwa wa nyongo hushauriwa ale kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku badala ya milo mitatu mikubwa, ushauri ambao ni mwepesi kuutamka na mgumu kuutekeleza katika mji ambao sahani ya mgahawa hujazwa mpaka ukingoni na kuirudisha na chakula huonekana ni dharau. Nusu bakuli ya saa nne asubuhi na nusu nyingine ya saa nane mchana humwondolea mtu aibu hiyo. Mwenye kisukari, hata hivyo, akumbuke kwamba ndizi ni wanga, na kwamba mtori hauwi mwepesi kwake kwa sababu tu hauna mafuta.

Baada ya mtori nawashauri walaji wahamie kwenye samaki. Changu huchemshwa kwa nyanya, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, bila kukaangwa kwanza, na mchuzi wake ni mwepesi wenye ladha kali ya ndimu inayomfaa mtu ambaye dawa za usingizi na za maumivu zimemwacha hana hamu ya kula. Unaweza kuomba usiwekewe pilipili, na ombi hilo huheshimiwa. Wali ni wa aina mbili, mweupe na wa nazi, na hapa ndipo mpishi anapoonyesha kwamba anaijua kazi yake. Tui zito la nazi lina takriban gramu 20 za mafuta kwa kila gramu 100, na mara nyingi zaidi ya hapo, wakati kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina gramu 14 hivi; kwa hiyo sahani ya wali wa nazi pamoja na mboga ya nazi inaweza kuzidi chapati mbili bila mlaji kushuku chochote, kwa vile hakuona kitu kikikaangwa. Mama huyu hukamua nazi mara mbili, tui la kwanza akaliweka kwa ajili ya wali na samaki wa kupaka wa wateja wa kawaida, na tui la pili, lililo jepesi, akaungia mchicha na kisamvu. Mchicha huo una harufu ya nazi na utamu wake, na tumbo langu halikuwahi kuulalamikia.

Kifungua kinywa kina mazuri na mabaya. Uji wa ulezi ni safi, hauna donge, na sukari huwekwa pembeni. Lakini upo pia uji wanaouita wa lishe, na wahudumu hupenda kumpendekezea kila anayesema ametoka hospitali, wakati unga wake umechanganywa na karanga, ambazo karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Unga huo unawafaa watoto wanaohitaji kuongezeka uzito. Mtu wa wiki ya kwanza baada ya upasuaji aagize ulezi mtupu na asione haya. Ndivyo ilivyo pia kwa juisi ya parachichi, ambayo watu huihesabu kuwa tunda tu. Parachichi ni chakula bora na mafuta yake ni mazuri kwa moyo, ila glasi kubwa inayotengenezwa kwa tunda zima na maziwa ni mzigo mzito kwa wakati mmoja. Robo ya parachichi pembeni ya samaki inatosha, na jikoni hawakatai kulikata hivyo. Papai na ndizi mbivu zipo kila siku.

Sasa kasoro. Ijumaa jiko zima hugeuka. Hupikwa pilau ya ng'ombe yenye mafuta yanayong'aa kwenye sahani, kuku wa kukaanga na sambusa, mtori haupikwi, na mpishi msaidizi anayeshika zamu siku hiyo hana habari ya vijiko. Nilipomwuliza mwenye mgahawa, alisema wateja wa Ijumaa wanataka pilau na hana sufuria za kutosha, jibu ambalo nalielewa kibiashara lakini halimsaidii mgonjwa. Kachumbari nayo huchanganywa na pilipili tangu mapema, na hivyo asiyeweza pilipili hukosa kachumbari yote. Maharage hupikwa vizuri, bila mafuta mengi, ila hutolewa kwa sahani kubwa, na nyuzinyuzi za maharage zikiingia kwa wingi katika tumbo ambalo kwa siku kadhaa limezoea uji huleta gesi na msokoto. Yaanzwe kwa vijiko viwili vitatu, kisha yaongezwe taratibu.

Huduma ya kupelekewa chakula nyumbani ndiyo dhaifu kuliko zote. Bodaboda huchelewa saa za mchana kwa sababu ya foleni, chakula hufika kimepoa, na usiposisitiza mchuzi utenganishwe na wali utaupata umemwagiwa juu. Chakula kilichopoa kinaweza kupashwa moto, lakini mchuzi uliokwisha kunywewa na wali hauwezi tena kupimwa. Hata hivyo naiweka juu ya huduma nyingine ya jijini, nisiyoitaja, inayojitangaza kwa jina la chakula cha wagonjwa na kutoza karibu mara tatu. Walichoniletea kilikuwa viazi vya kuchemsha visivyo na chumvi, karoti zilizopondeka na kifua cha kuku kikavu kiasi cha kukwama kooni, mlo ambao kweli haukuwa na mafuta, na ambao haukulika. Mgonjwa asiyekula hapati protini ya kuponyesha vidonda, hata kama vidonda vyenyewe ni vidogo kama vile vya upasuaji wa matundu, ambao Erich Mühe aliufanya kwa mara ya kwanza kwenye mfuko wa nyongo huko Ujerumani mwaka 1985 na ambao leo huwawezesha wengi kurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Urahisi huo wa kurudi nyumbani mapema una upande wa pili, kwani zamani mgonjwa alikuwa akila chini ya macho ya wauguzi kwa siku kadhaa, na sasa suala la chakula linaangukia mikononi mwa familia na migahawa.

Ni haki kuongeza kwamba mgahawa, hata ukiwa mzuri namna gani, una mpaka wake. Baadhi ya waliotolewa mfuko huendelea kuharisha hata wakila kwa uangalifu, kwa sababu asidi za nyongo zinazofika kwenye utumbo mpana huuchochea. Kahawa, vyakula vyenye sukari nyingi na maziwa mengi vinaweza kuongeza tatizo, na likidumu daktari anazo dawa za kuzinasa asidi hizo. Maumivu ya bega katika siku za mwanzo huwatisha wengi wakadhani wamekula kitu kibaya, kumbe yanatokana na gesi ya kaboni dioksidi iliyotumika kuinua ukuta wa tumbo wakati wa upasuaji, nayo huisha yenyewe. Lakini macho yakiwa ya njano, homa ikipanda, mkojo ukawa mweusi na choo kikapauka, au maumivu ya tumbo yakawa makali na kutapika kusikome, safari ni ya hospitali mara moja, na mtori utasubiri.

Bei ni za kawaida kwa eneo hilo. Nusu bakuli ya mtori niliuziwa shilingi 3,000 na bakuli zima shilingi 5,000, samaki na wali mweupe shilingi 8,000, na uji shilingi 1,000. Malipo ya simu yanapokelewa. Jiko huwashwa alfajiri na kufungwa saa kumi jioni, kwa hiyo mlo wa usiku itakubidi uununue mchana uuhifadhi, na mtori wao huvumilia kupashwa tena ukiongezewa maji ya moto kidogo. Jumamosi hadi Alhamisi nawapa nyota nne kati ya tano. Ijumaa nawapa mbili, na hizo ni kwa ajili ya papai.