Kinanda cha bei chee au cha bei mbaya? Nimevipiga vyote viwili ibadani Arusha

Haya, inarekodi? Inarekodi. Karibuni tena watu wangu. Niko nyumbani Sakina, hapa Arusha, na hizo kelele mnazosikia ni mvua juu ya bati. Mtanivumilia, maana nikisubiri ikatike nitarekodi mwezi wa sita.

Mezani nina vinanda viwili. Hiki cha kushoto ni Yamaha PSR-E473, toleo la 2022, changu mwenyewe. Cha kulia ni PSR-SX900 ya mwaka 2019, nimekiazima kwa kaka mmoja anayepiga kwenye harusi. Kesho asubuhi anakitaka, ana shughuli Usa River, kwa hiyo leo ni leo. Kwa bei ya hiki cha kulia unapata vya kushoto vinne, pengine vitano. Na kila nikishuka jukwaani kuna mtu ananishika mkono: mwalimu, ninunue kipi?

Dukani watakuanzia na idadi ya sauti. E473 ina sauti 820 na staili 290, yaani midundo ya kusindikiza iliyotengenezwa tayari. SX900 ina sauti 1,337, ukiacha seti 56 za ngoma, na staili 525. Mtu akisikia hivyo mate yanamtoka. Sasa mimi Jumapili iliyopita nilihesabu sauti nilizotumia ibada nzima: piano, ogani, nyuzi, tarumbeta, gitaa la sebene, na ile piano yenye nyuzi kwa nyuma. Sita! Na ibada ilichukua saa tatu nzima. Kwa hiyo muuzaji akianza kukuhesabia sauti, mwache amalize, halafu muulize mambo mengine.

Cha kuuliza ni hiki: mwimbishaji akigeuka, kinanda kinageuka naye?

Mnalijua hilo. Mko kwenye rumba ya taratibu, pambio la shukrani, watu wametulia. Mwimbishaji amefumba macho, anainua mkono, na ghafla karukia sebene, kwa kii nyingine kabisa, yaani ngazi nyingine ya sauti, wala hajakutazama. Hapo una pumzi moja tu. Ukianza kutafuta namba ya staili huku umeinama kama mtu aliyedondosha shilingi, kanisa zima linakuona.

Vinanda hivi vina rejistresheni. Maana yake unahifadhi staili, mwendo, sauti za mkono wa kulia, vyote pamoja, halafu unaviita kwa kitufe kimoja. Kwenye E473 una vitufe vinne, na benki nane za kuhamia, yaani makundi ya hivyo ulivyohifadhi. Inafanya kazi, sina ugomvi nayo. Ila kuhama benki katikati ya pambio kunataka macho, na macho yako yanatakiwa kwa mwimbishaji. SX900 ina vitufe kumi vimejipanga mbele yako, na benki zake ni mafaili unayoyapa majina mwenyewe kwenye kioo cha kugusa. Mimi nimeandika "shukrani", "kuabudu", "sadaka". Ya sadaka ina sebene tu, mnanielewa.

Halafu kuna mambo ya mkono wa kushoto, na hapa ndipo pesa ilipokwenda. Unapokamata kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja (siongelei ya pango), staili inakufuata. E473 inakupa mwenendo wa aina mbili ndani ya staili, A na B, na unabadilisha katikati yake. Kwa wimbo wa dakika nne inatosha kabisa. Lakini pambio letu linakwenda dakika kumi na tano! Ukifika dakika ya sita umeshazungusha A, B, A, B, hadi mpiga ngoma wa zamani kule nyuma anatikisa kichwa. SX900 ina A mpaka D, mianzo mitatu, mimalizio mitatu, na kituo cha kukata mdundo. Unaanza chini kabisa na A, unapanda nao polepole, D unaiweka akiba watakapoanza kuruka. Sikilizeni hii... hiyo A. B. Haya sasa D. Mmesikia besi ilivyoingia?

Kingine ambacho hakimo kabisa kwenye E473 ni kutengeneza staili. Jamani, hivi vinanda havikubuniwa na mtu wa Ngaramtoni. Ukifungua staili za kiwandani unakuta walzi, polka, bosanova, disko, na huko Latini wamejaa tele. Sebene kama tunavyolijua, gitaa la ridhimu linakaba huku solo inachekacheka juu, utalitafuta. Kwenye E473 naingiza staili za wenzangu kutoka kwenye flashi, ila ikiwa na besi nisiyoitaka, nakaa nayo hivyohivyo. Kwenye SX900 nimekaa jioni mbili nikarekodi besi yangu juu ya ngoma zao. Jioni mbili! Mke wangu aliuliza kama nimehamia humu chumbani. Lakini Jumapili dada wa kwaya alinifuata: "Mwalimu, leo kinanda kimeongea Kiswahili." Kwangu mimi ile tofauti yote ya bei ilikuwa kwenye sentensi ile.

Kwa wale wa Casio, CT-X5000 ya mwaka 2018 iko kwenye kundi la bei ya chini na inakuruhusu kuhariri midundo. Inastahili kusikilizwa kabla hujatoa hela.

Sasa msinielewe vibaya mkauza ng'ombe. Kuna usiku mmoja cha bei chee kiliniokoa na aibu. Tulikuwa kwenye kesha, saa nane hivi, umeme ukakatika. Miksa kimya, spika kimya, giza. E473 inakula betri sita ndogo, zile za rimoti, na nilikuwa nimeziweka. Sikusimama hata kidogo. Spika zake mwenyewe ni ndogo, lakini chumba kilikuwa kidogo na watu wakashusha sauti zao wenyewe, na nawaambia, ule wimbo gizani ulikuwa mzuri kuliko yote ya usiku ule. SX900 haina habari ya betri. Umeme ukienda, nayo imekwenda.

Na kubeba je? E473 ina kilo 7. SX900 ina kilo 11 na nusu, bado hujaweka kasha. Jaribu kupanda nayo bodaboda kutoka stendi hadi juu Ilboru wakati wa matope, halafu uje tuongee.

Genos2, kinanda kikubwa cha Yamaha, nitaigusa kidogo, maana vijana wanaitaja kama gari la ndoto. Ilitoka mwishoni mwa 2023, ina kii 76 za kubonyeza, na haina spika ndani. Bei yake inanunua E473 zaidi ya kumi. Ni chombo kitamu, sibishi. Ila kama spika za kanisani kwenu zinakoroma, itakoroma vilevile, kwa gharama kubwa zaidi. Nunueni spika kwanza.

Wanaonunua vya mkononi, vilivyokwisha tumika, sogeeni. Vingi vimetoka Japani, na umeme wa Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Geuza adapta usome: ikiwa imeandikwa 100 mpaka 240, salama. Ikiwa ni 100 peke yake, usiichomeke ukutani hata kwa kujaribu. Na msiazimane adapta ovyo. Mimi kinanda changu cha kwanza nilikiua kwa mikono yangu, nilichomeka adapta ya Casio ya zamani ambayo hasi yake iko katikati, wakati Yamaha inataka chanya katikati. Tundu lilikubali vizuri tu. Nilisikia harufu kabla sijasikia sauti.

Kwa hiyo? Anayejifunza, au kikundi cha nyumbani, E473 na chenji ibaki mfukoni. Hata PSR-E373 inafaa, ila ile ina tundu moja tu la kutolea sauti, lile lile la hedifoni, na ukichomeka waya wa miksa spika zake zinanyamaza. Fundi mitambo atakuomba matundu mawili, kushoto na kulia, na E473 inayo.

Anayepiga kila wiki kwa mapambio marefu, au harusi, apande. Ila mimi sitapanda mpaka SX900. Mdogo wake, SX700, alitoka naye 2019, ana vitufe kumi, ana A mpaka D, na anatengeneza staili. Hayo matatu ndiyo niliyoyalilia. Zaidi ya hapo ningelipia vitu vya kuonyesha wageni. Na tangu SX720 na SX920 zitoke 2024, wenye pesa wanabadilisha, na ninavyoona mimi zile za zamani zitazidi kuja mkononi.

Kuna SX700 moja nimeambiwa iko Kaloleni. Jumamosi naenda na flashi yangu, hedifoni, na subira: nitabonyeza kii zote 61 moja moja, taratibu kisha kwa nguvu, hata muuzaji akinuna. Nikiipata mtaiona hapa mezani. Aa, mvua imekatika! Ngoja nipige lile sebene tangu mwanzo, sasa mtalisikia vizuri.