Data za hewa za Antaktika toka Wisconsin: ni bure, ila soma maelezo kwanza!!

Nina miezi kadhaa natumia data za AMRC (siku hizi AMRDC), kile kituo cha utafiti wa hali ya hewa ya Antaktika cha Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison, Marekani, nafatilia upepo wa Ross Ice Shelf, lile bamba kubwa la barafu linaloelea huko Antaktika, na kwa anayeuliza kama zinafaa, zinafaa sana, tena hakuna kulipa wala kuandika barua ya kujieleza we nani na unazitakia nini, unachagua kimoja ya vituo vyao vya kupimia hewa kule kwenye barafu, unachagua mwaka, unapakua basi. Kuna sehemu nyingine siitaji jina nilijisajili nikangoja wiki 3 nikaletewa faili tupu, sa mtanielewa nikisifia.

Niseme ukweli, siku ya kwanza nilijiaibisha. Nilichukua joto la kituo kimoja mwezi wa saba nikapiga wastani ikatoka nyuzi 17 JUU ya sifuri. Julai! Antaktika! Nikabaki nimeikodolea macho skrini nahisi nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, kumbe penye data iliyokosekana wenyewe wanaandika 444.0 na mimi zile 444 zote nimezijumlisha kama joto. Imeandikwa kabisa kwenye maelezo, ni mimi nlikua na haraka.

Ila hizo 444 ndo zimefanya niwaamini. Vile vituo vinasimama peke yake kwenye barafu, mpango wenyewe ulianza 1980, vinaendeshwa na betri na sola, na majira ya baridi jua halichomozi wiki kwa wiki so betri inajitegemea. Vinarusha vipimo kwa setelaiti, miaka mingi ilikua kwa njia ya Argos, mfumo wa setelaiti wa kukusanya data. Sa kipima upepo kikiganda kwa barafu hakisemi nimeganda, kinasema upepo sifuri, sifuri, sifuri siku nzima, na usipojua utaandika kwamba kulikua shwari wakati huko nje kunavuma balaa. Kwahiyo chukua data zilizosafishwa, zile mbichi za papo hapo ni za kuchungulia tu. Pengo lililoachwa wazi ni bora mara mia kuliko namba ya kubuni, pengo najua la kulifanya.

Kitu kingine ambacho wengi wanakipita, vipimo vinatakiwa viwe kama mita 3 juu ya theluji, lakini theluji inajaa mlingoti unazidi kua mfupi mpaka watu waende kiangazi cha huko wauinue tena, na upepo wa karibu na chini ni mdogo kuliko wa juu. Usilinganishe tu mwaka huu na ule kichwakichwa, angalia kwanza kituo kiliinuliwa lini.

Picha zao za mawingu nazo nazipenda kupita kiasi, zipo tangu 1992. Setelaiti zile zinazokaa juu ya ikweta zinaiona ncha ya kusini ya dunia kwa pembeni mno, na zile zinazopita juu ya ncha zinaona kipande kimoja kila zikipita, basi wao wanashona vyote viwe picha moja. Mishono utaiona, wingu linakatika ghafla kama kitambaa kilichopunguka, lakini ukizipanga zikimbie moja baada ya nyingine unaona dhoruba inavyolizunguka bara zima, mi nimeshapoteza jioni nzima hapo.

Faili nyingi ni maandishi matupu tu, anayetaka vitufe vya kubonyeza na grafu za rangi atachoka mapema. Mi nawapa nyota 4 na nusu.

Anayetaka barafu ya bahari asihangaike huku, aende NSIDC, kituo cha data za theluji na barafu cha Boulder, Colorado, wana rekodi ya setelaiti tangu mwishoni mwa 1978. Na huko nako kwenye faili namba 254 ni alama ya nchi kavu, 255 ni data imekosekana, msije mkapiga wastani mkasema hamkuambiwa 😂