Nimeitwa mteja kwenye maji niliyoyachimbia mtaro

"Mama, wewe ni mteja tu. Subiri kama wateja wengine."

Maneno hayo niliambiwa na kijana wa dirishani, kwenye ofisi ya chombo chetu cha watumia maji huku mlimani, juu ya Moshi mjini. Ilikuwa wiki ya Krismasi, na hadi leo nikiyakumbuka mkono unanitetemeka. Shikamoo sikuipata. Hata macho hakuyainua kwenye simu yake.

Desemba huku kwetu inajulikana. Walioko Dar, Arusha na Mwanza wote wanapanda nyumbani. Kwangu walikuwa wanalala watu kumi na wanne, na zizini nina ng'ombe wawili, mmoja anakamuliwa. Asubuhi moja maji yakakatika, tukadhani ni ya saa chache. Siku ya pili hakuna, ya tatu hakuna. Wa juu wanapata, wa ng'ambo wanapata, laini yetu tu ndiyo kavu. Wake za wanangu, waliokuja kupumzika, wakawa wanapandisha ndoo kutoka kwenye korongo lenye utelezi. Ng'ombe wa maziwa akipunjwa maji huoni huruma yake, siku hiyo hiyo maziwa yanashuka. Nikawa nanunua madumu yanayoletwa na bodaboda. Simu ya ofisi inaita mpaka inakatika.

Siku ya nne nikashuka mwenyewe na risiti zangu zote mkononi. Sidaiwi hata shilingi. Nilitaka kujua jambo moja, fundi anakuja lini. Ndipo nikapewa hilo neno.

Mteja! Mtaro wa lile bomba tuliuchimba kwa msaragambo, kazi ya pamoja bila malipo. Kila kaya ilipimiwa kipande chake, na cha kwetu kikaangukia kwenye mwamba. Marehemu mume wangu akipiga mtaimbo, mimi nazoa kifusi na mtoto mgongoni. Mtoto huyo sasa ana watoto wake. Najua kwamba tangu sheria ya maji ya 2019 na kuja kwa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, mambo yamepangwa upya, siku hizi kuna watumishi wa kuajiriwa, na kusema kweli hesabu zinasomwa vizuri kuliko zamani. Hilo silipingi. Ila hakuna sheria iliyosema aliyechimba mtaro sasa ni mpita njia.

Mimi nilisoma ushirika pale chuoni Moshi, miaka mingi kabla hakijawa chuo kikuu. Somo moja lilinikaa, la umeme wa wakulima wa Marekani. Kampuni za umeme zilikataa kuwavutia nyaya kwa kuwa nyumba za mashambani zimetawanyika na faida haionekani. Serikali yao ikaunda wakala wa umeme vijijini mwaka 1935, ikatoa mikopo, na wakulima wakaunda vyama, kila mmoja akitoa kiingilio kidogo. Mwenye shamba kubwa na mwenye kuku watatu wote wana kura moja moja. Vyama hivyo viko mpaka leo, karibu 900, na ziada ikipatikana inarudi kwa wanachama. Hata hapa nchini, Urambo kule Tabora, wananchi waliendesha jenereta za umeme kwa ushirika wao miaka ya 1990. Na sisi ndio watu wa KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ulioanza 1933! Hata kabla ya hapo babu zetu walikuwa na mifongo, mifereji ya kuleta maji kutoka mlimani. Usipotokea siku ya kuzibua mfongo, zamu yako ya maji inapita. Ilikuwa amri kali, lakini mwenye zamu hakuitwa mteja.

Basi nilitoka pale nimeshaamua niandike kwamba chombo hiki hakifai, na aliye na uwezo achimbe kisima chake akapumzike.

Jioni ile ile, mvua inanyesha, fundi akaja na vijana wawili. Mtu mzima, nguo zimelowa, akanipa shikamoo kutoka huko huko getini. Wakafuata bomba kwenye migomba kwa tochi mpaka wakapata mahali mzizi wa mti ulipopasua soketi. Saa nne usiku maji yakatoka. Nilimpa hela akakataa, akanywa chai tu. Nilipomwuliza kwa nini siku nne, alinijibu bila kuficha: soketi haikuwepo stoo, na fedha ya kununulia inahitaji saini mbili. Mwenye saini ya pili alikuwa amesafiri sikukuu.

Yaani familia kumi na kitu zimekaa bila maji wiki ya Krismasi kwa kusubiri saini ya kitu cha kununua dukani! Hapo hasira ikanirudia upya, na safari hii haikuwa ya yule kijana peke yake. Saini mbili tulizitaka sisi wenyewe mkutanoni, baada ya fedha kupotea wakati fulani, na tulifanya vizuri. Lakini tulipopaswa kukaa tena turekebishe, akidi haikutimia. Mimi nilikuwepo. Wengi wa laini yetu hawakuwepo.

Kwa hiyo anayeniuliza kama avute maji haya, namwambia avute, tena upesi. Ni masafi, bili yake inalipika, na fundi yule ni mtu wa kuaminika. Dirisha lile silisifii. Hapana, kwa kweli lilinivunja moyo kuliko zile siku nne.

Mkutano mkuu ukiitishwa nitakaa mbele. Nitaomba pawe na fedha ndogo ya dharura mkononi mwa fundi, yenye daftari lake. Na kijana sitaki afukuzwe. Nataka mwenyekiti amchukue, wapande wote mpaka kwenye kipande chetu, akauone ule mwamba.