Gari dogo la 1,500cc: mtumba wa Japani au lililounganishwa Kenya?

Swali ninaloulizwa kila mara ni moja: ninunue mtumba wa Japani au gari lililounganishwa hapa Kenya? Nami hujibu kwa maswali mawili. Gari la kazi gani, na lina injini ipi? Wanunuzi wengi hutazama rangi, rimu na redio, injini wakaja kuiulizia siku fundi amekwisha kuifungua. Nimeandika kwa ajili ya mtu anayetafuta gari lake la kwanza au la familia, kwa pesa alizozitolea jasho. Pikapu nimeziweka mwishoni kwa sababu huko mambo yanageuka kabisa.

Magari yetu huunganishwa hasa katika viwanda vitatu vilivyoanzishwa miaka ya 1970: cha Isuzu East Africa jijini Nairobi, ambacho kilikuwa mikononi mwa General Motors hadi 2017, KVM cha Thika na AVA cha Mombasa. Magari mapya yanayouzwa nchini, ukichanganya na malori na mabasi, huzunguka 11,000 hadi 14,000 kwa mwaka. Mitumba inayoshushwa Bandari ya Mombasa ni mara kadhaa ya hiyo. Wakenya hawachukii cha kwao. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza Nyayo Pioneer, gari lililozinduliwa mwaka 1990, na nchi nzima ilishangilia. Mobius, kampuni ya magari ya hapa hapa Kenya, nayo ilijitahidi hadi Agosti 2024 ilipotangaza kufunga hesabu, kisha ikapata mnunuzi. Kinachomshinda mwenye kuunganisha hapa ni kwamba Mjapani huliuza gari lake likiwa bado zima. Sheria ya kwao hulitaka gari jipya likaguliwe baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo ni wa gharama. Mwenye gari akiona tarehe inakaribia, hulipeleka mnadani. Ndipo sisi tunapoingia.

Kabla ya orodha, elewa kodi, maana kodi ndiyo imetuchagulia injini. Gari la petroli lisilozidi 1,500cc hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20; likizidi hapo ni 25, na likipita 3,000cc ni 35. Ushuru wa forodha tangu Julai 2023 ni asilimia 35 badala ya 25. Juu yake kuna VAT ya 16, ada ya uagizaji ya 2.5 na tozo ya reli ya 2. Tuseme mamlaka ya mapato, KRA, wamelithamini gari lako kwa shilingi 500,000. Likiwa la 1,496cc, kodi zote ni 462,100. Thamani ikiwa ile ile lakini injini ni ya 1,600cc, utalipa 501,250. Hizo 39,150 za tofauti zingekununulia tairi.

Kuna jambo hapa ambalo hunifurahisha kila nikiliona. Injini ya 1.5 ya Toyota ni 1,496cc. Ya Mazda ni 1,496cc. Ya Honda, 1,496cc. Hawakukaa kikao. Kodi ya gari ya kila mwaka huko Japani imepangwa kwa ngazi za cc 500, nao wahandisi wakasimama karibu kabisa na mstari bila kuuvuka. Mstari wetu ukaangukia pale pale pa kwao, na ndiyo maana barabara zetu zimejaa injini za ukubwa huo.

La pili ni umri. Mtumba haupokelewi ukiwa umezidi miaka 8 tangu usajili wa kwanza. Kwa mwaka huu wa 2026 maana yake ni 2019 kuja juu. Rasimu ya sera ya mwaka 2019 ilitaka kuushusha umri huo ili viwanda vya hapa vipumue, waagizaji wakapinga, 8 ikabaki. Ndugu zetu wa Tanzania hawana kikomo hicho. Wao hulipa ushuru wa uchakavu gari likizidi miaka 8, na ndiyo maana Toyota IST za kabla ya 2007 zimejaa Dar es Salaam na bado zinaagizwa, ilhali Kenya huwezi kuingiza hata moja.

Sasa orodha, kuanzia gari ambalo ningemshauri ndugu yangu alinunue.

1. Toyota Axio, Fielder au Probox ya 1.5. Najua wengi walikisia. Toyota iliendelea kuuza Axio na Fielder huko Japani hata baada ya Corolla mpya ya 2019, kwa hiyo bado unapata zenye umri halali. Lakini usidanganywe na jina. Injini iliyoijengea familia hii heshima ni 1NZ-FE, ile ile iliyo kwenye IST. Tangu 2015 nyingi za petroli zilihamia 2NR-FKE, injini nyingine kabisa. Bado ni ya cheni wala si ya mkanda, bado haina turbo, ila hubana hewa zaidi ndani ya silinda ili kuokoa mafuta na inataka oili nyepesi ya 0W-20. Fundi aliyezoea kumwaga 20W-50 kwa kila gari ataiumiza taratibu, kwa sababu imeundwa kwa oili nyepesi. Nimeyaona haya kwenye Fielder yangu mwenyewe: fundi mmoja aliniambia oili nzito ndiyo inayolifaa joto la Mombasa, nikakubali, na baada ya miezi mitatu injini ilikuwa inagonga asubuhi na kunywa mafuta kuliko kawaida. Kurudi 0W-20 kuliituliza, lakini mtungi wa oili nzito nilikuwa nimeulipia, na wa oili nyepesi pia.

Gia zake ni za CVT, yaani otomatiki isiyo na ngazi za gia, na hutumia oili ya CVT inayoitwa FE. Usikubali ya rangi inayofanana. Ukiangukia haibridi, ile ina 1NZ-FXE, binamu wa injini ya zamani. Ni nzuri sana kwa foleni za mjini, mradi ukague betri na feni inayoipoza, ambayo huziba kwa vumbi. Mwenye biashara ndogo achukue Probox bila kuona haya. Spea zake ziko Grogan jijini Nairobi, Kisumu, Kitale, kila mahali, na siku ya kuuza hutasubiri mteja.

2. Mazda Demio ya petroli ya 1.5. Hii ndiyo ninayoipenda kwa moyo, ingawa nimeiweka ya pili. Tangu 2018 Demio ya petroli iliachana na injini ya 1.3 ikachukua 1.5, na mwaka 2019 ikabadilishwa jina kuwa Mazda2. Wakati wenzake wengi walikimbilia CVT, Mazda walibaki na gia za otomatiki za kawaida, sita. Mlima wa Kijabe utakuonyesha tofauti: gari linashika gia na kupanda, halilii kwa sauti moja kama jenereta. Iliyoiangusha nafasi moja ni spea za mwili, taa na bampa, ambazo nje ya miji mikubwa utazisubiri. Kiti cha nyuma pia ni finyu kwa watu wazima watatu.

Lakini tahadhari, na hapa nasema kwa sauti: usichukue ya dizeli ya 1,498cc kwa sababu tu ya lita chache za mafuta. Ina kichujio cha masizi ambacho hujisafisha gari likienda mwendo mrefu wa kasi. Mtu wa mtaa wa Umoja, Nairobi, wa kwenda mjini na kurudi hatapata mwendo huo. Kichujio kikiziba, bei ya kukirekebisha itakumaliza.

3. Toyota Starlet mpya. Hii si mtumba wala haiunganishwi hapa. Inatoka India, kwenye kiwanda cha Suzuki, ikiwa na injini ya Suzuki ya 1,462cc na nembo ya Toyota. Injini hiyo ni sahili na mafundi wanaizoea haraka. Bei yake inamuuma mwenye akiba ndogo, ila kwa mwenye mkopo wa benki au wa sacco anayetaka dhamana ya kiwanda na usingizi wa usiku, ningeipendekeza kabla ya mtumba wowote wa kifahari.

4. Honda Fit ya petroli. Kwa nafasi ya ndani hakuna dogo linaloishinda. Viti vya nyuma hukunjika mpaka baiskeli ya mtoto inasimama wima. Chukua ya petroli tupu, ya 1.3 au 1.5, na oili ya gia iwe HCF-2. Haibridi ya kizazi kilichoanza 2013 ilitumia gia za klachi mbili, na Honda wenyewe walizirudisha kiwandani mara kadhaa ndani ya mwaka mmoja kurekebisha programu yake. Vezel ya haibridi ya kipindi hicho ni mfumo ule ule. Bei yake ikikuvutia, kumbuka hilo.

5. Nissan Note. Kuna Note mbili zilizovaa mwili mmoja. Ya kawaida ina injini ya silinda tatu ya 1,198cc na CVT inayohitaji oili ya NS-3. Ni nyepesi kwa bei, lakini gia zake hazivumilii kupuuzwa. Ile ya e-Power, iliyotoka Novemba 2016, injini yake haigusi magurudumu: kazi yake ni kuzalisha umeme, na mota ndiyo inayosukuma gari. Hakuna CVT ya kuharibika. Huko Japani e-Power iliifikisha Note kileleni mwa mauzo mwezi ule ule ilipotoka, jambo ambalo Nissan hawakuliona kwa miaka 30. Ningeipandisha hadi ya tatu kama ungekuwa karibu na fundi wa umeme wa magari anayejua anachofanya. Wengi hawako karibu naye.

6. Volkswagen Polo Vivo ya Thika. Ilianza kuunganishwa KVM Desemba 2016, na nilitamani sana ifaulu. Injini yake ya 1.4 haina turbo wala madoido, mwili ni mgumu, na mlango ukiufunga unasikia chuma. Ukipata iliyotumika hapa hapa, yenye kitabu cha matengenezo kamili, inastahili kuangaliwa. Tatizo ni siku ya kuuza: wanunuzi ni wachache, nao wanajua ni wachache. Proton Saga iliyounganishwa AVA Mombasa nayo iko hapo hapo, ikiwa na injini ya 1.3 na gia nne za otomatiki za kizamani zinazovumilia mengi. Kwa aliye Mombasa au Nairobi na atakaa nayo miaka minane, si kosa.

Ukitaka kuona cha nyumbani kikishinda, njoo kwenye pikapu. Mtumba wa Japani hauna silaha hapa, kwa sababu Wajapani wenyewe hununua pikapu kubwa chache. Isuzu waliacha kuuza magari ya abiria nchini kwao mwaka 2002, na D-Max haiuzwi huko. Hilux iliondoka soko la Japani kwa miaka 13 ikarudi 2017. Kwa hiyo mnada wa Yokohama hauna kikubwa cha kutuletea, na uwanja umebaki kwa D-Max ya Nairobi na Hilux ya Mombasa. Vifaa vinavyokuja kuunganishwa hapa havilipiwi ushuru wa forodha, na bei hupata nafuu ya maana.

Kati ya hizo mbili, mkulima na mkandarasi ningempa D-Max. Injini yake ni ya ukoo ambao mafundi wa malori wanaufungua wamefumba macho, na Isuzu wameongoza mauzo ya magari mapya nchini kwa zaidi ya miaka 10. Hilux ya 2.4, yenye injini ya 2GD, ni tulivu zaidi na hushikilia bei vizuri kuliko chochote chenye magurudumu manne. Mwenye kubadilisha gari kila miaka minne achukue hiyo.

Ukishachagua, mambo matatu usiyaruke. Kwa mtumba, dai karatasi ya mnada yenyewe, si picha iliyokatwa nusu, ulinganishe kilomita zilizoandikwa na za dashibodi. Alama ya R maana yake gari limewahi kugongwa au kutengenezwa mwili. Kwa gari la yadi, washa injini ikiwa baridi kabisa. Ukifika ukakuta muuzaji amekwisha kuiwasha, mwambie utarudi kesho alfajiri. Na kabla ya kutoa hata shilingi, fungua boneti usome namba ya injini, uilinganishe na logibuku herufi kwa herufi. Jina la modeli limebandikwa nyuma kwa gundi. Namba ya injini imechongwa kwenye chuma.