Pavucontrol na alsamixer: uzoefu wangu na mikro iliyonyamaza mu laptop ya Linux

Pavucontrol na alsamixer ni programu mbili za kupanga sauti mu Linux: pavucontrol naipatia 8 ku 10, alsamixer 7, na ile dirisha ya parametre ya sauti yenye inakuja na desktop naipatia 4, na hiyo 4 ni juu iko muzuri kuangalia. Niko Lubumbashi, natumia Linux Mint 22 mu laptop ya mtumba, klavye azerti ya Wabeleji, betri ilishakufa kitambo kwa hiyo inaishi ku prize tu. Hiyo mambo ya betri muikumbuke, nitairudilia.

Kazi yenye inanilisha ni kusoma matangazo. Kilio, ndoa, mutu anafungua butiki, promosyo ya mabati, narekodi mu Audacity, nakata makosa, natuma fichie kwa WhatsApp na wenyewe wanaipitisha na bafle mu soko. Donki mikro ikinyamaza, siku imeharibika.

Shida ilikuwa hivi: mu parametre mikro inaonekana, kiasi 100%, hakuna alama ya kufungwa, lakini nikirekodi naona mustari umelala tu, kimya. Kijana mmoja anatengenezaka maordinatere mu Kenya (komini ya kwetu, si inchi ya Nairobi) aliigusa-gusa akaniambia: "Vye, mikro ilikufa, lete dola 20 tubadilishe." Mwingine akasema tuformate, turudishe Windows. Sikutoa ata franka, juu nilichomeka kaske ya simu na yenyewe pia haikusikika, na mikro mbili haziwezi kufa siku moja.

Kitu ya kuelewa mbele ya kugusa chochote: mu Linux sauti inapita mu robinet mingi moja nyuma ya ingine, na moja tu ikifungwa, maji haitoki, ata kama zile zingine ziko wazi zote. Chini kabisa kuko ALSA, yenyewe iko ndani ya kerneli (moyo wa Linux) na njo inaongea na kadi ya sauti. Juu yake kuko seva ya sauti, programu yenye inapokea na kugawa sauti kwa zingine: miaka mingi ilikuwa PulseAudio, yenye ilianza 2004, sasa distro mingi (aina za Linux, kama Mint ao Fedora) zimehamia ku PipeWire ya Wim Taymans (Fedora iliitia ya kwanza mu toleo 34, mwaka 2021, na Mint 22 iko nayo tangu 2024). Kisha juu kabisa programu yenyewe: Audacity, Firefox, Zoom, kila moja na ruhusa zake na chaguo lake la mikro. Ile dirisha ya desktop inakuonesha robinet ya katikati tu, na inakuonesha kwa ujasiri sana, sasa wewe unaamini kila kitu iko sawa.

Kwa hiyo mimi naanzaka chini. Terminale (dirisha ya kuandika amri), unaandika arecord -l na inakupa liste ya kadi zenye zinaweza kurekodi. Ikikupa kitu, kadi inajulikana, tulia, shida ni ya kufungua tu. Ikikosa kitu kabisa, hapo ni mambo ya piloti (programu yenye inaongoza kadi): laptop mingi za Intel za miaka hii ziko na mikro ya dijitali pembeni ya kamera, na zenyewe zinaomba firmware ya Sound Open Firmware, mu Debian pakeji inaitwa firmware-sof-signed. Spika zinaweza kulia na mikro isionekane, usishangae. Yangu ilionekana.

Kisha jaribio: arecord -f cd -d 5 jaribu.wav, unaongea sekunde 5, unaisikiliza na aplay jaribu.wav. Napenda hii juu haina dirisha, haina ruhusa ya navigateri, haina hadisi. Kimya bado? Basi Audacity haina kosa, muiache.

Sasa alsamixer. Ni ya terminale, inafanana na kitu cha zamani na kweli ni cha zamani, lakini inasema ukweli. Ukiifungua inakuonesha mustari mmoja au mbili tu na watu mingi wanaishia hapo wanasema hakuna kitu. Hapana, hiyo ni ile robinet ya katikati tena. Bonyeza F6, chagua kadi yenyewe (kwangu inaitwa HDA Intel PCH), hapo njo mistari yote inajipanga. Kisha F4 kwa upande wa kurekodi. Na hapa nilicheka peke yangu: ku klavye yangu F4 njo kitufe chenyewe cha kufunga mikro! Yaani maelezo yanakuambia bonyeza F4 uangalie juu ya nini mikro imefungwa, unabonyeza, unaifunga ya pili. Tumia Tab, inazungusha kurasa vilevile, ao shika Fn pamoja na F4.

Mu ukurasa wa kurekodi, chaneli yenye imefunguka inaandika CAPTURE kwa rangi nyekundu chini yake. Yangu mustari ulikuwa juu kabisa lakini hakuna CAPTURE. Kiasi kimejaa, robinet imefungwa. Unasogea na mishale, unabonyeza espace, neno linatokea, basi. Dola 20 zikabaki mu mufuko.

Angalisho moja kwa wale wanakimbia kuondoa kila MM (alama ya chaneli iliyofungwa) wanayoiona: ile MM chini ya Mic mu ukurasa wa kwanza, wa kusikiliza, mara mingi haihusu kurekodi. Yenyewe inapitisha mikro moja kwa moja mu spika. Ukiifungua unapata larseni, laptop inapiga kelele na majirani wanauliza kama kuko misa. Iache vile iko.

Kitu cha pili cha kuangalia palepale ni Mic Boost. Kwangu inapanda kwa 10 dB kila hatua, na ukiipeleka mwisho sauti inasikika mbali lakini na pumzi ya feni, na muvumo, na jogoo wa jirani. Nimeacha hatua moja, naongea karibu. Kwa tangazo la kilio inatosha, mutu haongeleaki kilio kwa kelele.

Bon. Nilifurahi, nikafanya kazi, magaribi umeme ukakatika, laptop ikazimika palepale juu betri ni pambo tu. Umeme kurudi, mikro imenyamaza tena. Nilifungua, siku ingine kukatika, tena imefungwa. Hapa njo watu wanasemaka Linux ina mashetani, kumbe ni mpango tu: ALSA inaandika hali ya robinet zake mu fichie, /var/lib/alsa/asound.state, na inaiandikaka wakati ordinatere inazimwa kwa heshima. Ikikatika gafula haiandiki kitu, na ikiwaka inasoma ile ya zamani, yenye iko imefungwa. Dawa ni mustari mmoja, ukishapanga kila kitu vizuri: sudo alsactl store. Tangu niliandika hiyo umeme umekatika vile unapenda na mikro inaamuka imefunguka. Nashangaa sana hii haiko kitufe mahali fulani, juu betri mufu ni ya kawaida huku, nusu ya laptop za mtumba ziko hivyo, na mutu asiyejua terminale angefungua mikro kila asubuhi mpaka aizoee.

Sasa pavucontrol, yenye naipenda zaidi. sudo apt install pavucontrol, ndogo, haikuli mega mingi. Ilifanyiwa PulseAudio lakini inatembea vizuri juu ya PipeWire. Ukurasa wa vifaa vya kuingiza sauti uko na mustari unaocheza ukiongea, na hiyo peke yake inafaa nota zote: unaona hapohapo kama sauti imefika ku seva ao haijafika. Ikicheza mule na Audacity iko kimya, kosa ni ya juu. Ukurasa wa kurekodi unakuonesha programu gani inasikiliza mikro gani wakati huu, na unaweza kuibadilisha ikiwa inaendelea. Njo vile niliona mara moja Audacity inasikiliza "Monitor", yaani ile yenye inatoka mu spika, si mikro. Na ukurasa wa mwisho, configuration, uko na profili: kama imekaa ku ile ya kutoa tu, mikro inapotea kabisa, chagua yenye iko na neno duplex (kutoa na kuingiza pamoja).

Kuko na ujanja mwingine niliufanyia mudogo wangu, laptop yake ya zamani ilikuwa inarekodi vizuri kwa stereo lakini ku mikutano hakuna mutu anamusikia. Mikro zingine za zamani zinatoa upande wa kushoto na wa kuume kinyume, ukizichanganya mono (upande mumoja tu) zinauana. Mu pavucontrol kuko na kufuli ndogo, unaifungua, unashusha upande mumoja mpaka 0, mwingine unabaki. Akasikika. Alsamixer pia inafanya lakini kwa herufi zenye sikumbukaki.

Yenye siipendi: haiko na kitufe cha kujirekodi na kujisikiliza, unarudia terminale tu. Na majina ya vifaa ni marefu, yote yanaanza sawa, dirisha ikiwa ndogo huoni tofauti.

Kwa wale wa haraka bila dirisha: pactl set-source-mute @DEFAULT_SOURCE@ 0 inafungua mikro ku seva. Ku klavye ya Wabeleji @ iko ku é na AltGr, ku ya Wafaransa iko ku à, nasema juu niliona mutu anaitafuta mpaka terminale ikamukasirisha.

Kama ulifanya hivi vyote na arecord bado haisikii, usikimbie kupasua laptop. Chukua kaske ndogo ya USB: yenyewe inakuja na kadi yake ya sauti, mu alsamixer inaonekana tofauti ukibonyeza F6, na mu pavucontrol unaichagua basi.