Trampolini ndogo ya nyumbani: kabla ya kulipa, ipindue uangalie miguu

Mwezi wa pili tangu ninunue trampolini yangu katikati ya mji, hapa Lubumbashi, niliisogeza nifagie sebule nikakuta mikwaruzo sita kwenye vigae, kila mmoja umepinda kama kucha. Niliipindua. Vifuniko vya mpira vinavyovikwa mwisho wa miguu vilikuwa vimetoboka vyote, tundu la duara kabisa, kama mtu kakata kwa kifuniko cha chupa. Bomba la chuma lilikuwa limemaliza mpira, sasa linakula sakafu. Ndiyo maana siku kadhaa nilikuwa naihisi inateleza chini yangu, nikadhani ni kizunguzungu.

Nilipowasimulia wenzangu, mama mmoja wa Katuba na wawili wa Bel-Air waliniambia yao ilifanya vile vile. Kwa hiyo upana na rangi mtaangalia wenyewe. Mimi nazungumzia miguu.

Ukitua, uzito unaoshuka unazidi uzito wa mwili wako, na wote unaishia kwenye ukingo mwembamba wa bomba tupu. Mpira laini ukikaa hapo katikati unakatwa kama sabuni. Vua kifuniko kimoja dukani. Tia kidole ndani: kama hukuti kipande cha bati au plastiki ngumu kinachoziba mdomo wa bomba, acha. Bonyeza kitako kwa ukucha, kikibonyea, acha.

Kifaa chenyewe nakipenda kwa moyo wote. Masika barabara zetu ni tope, kiangazi ni vumbi jekundu, na mashine ya kukimbilia inataka umeme. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1980, watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliwapima vijana 8 wakikimbia na wakiruka: katika kukimbia mshtuko kwenye kifundo cha mguu ulizidi mara mbili ule wa mgongoni na kwenye paji la uso; kwenye trampolini ulikaribia kulingana sehemu zote tatu. Magoti yangu yalijua hilo kabla sijalisoma. 

Ya kwanza kwangu ni bellicon ya Ujerumani, na sifichi upendeleo. Haina resori (springi za chuma), ina kamba za mpira zinazochaguliwa kulingana na uzito wako, zikichoka unabadilisha. Shemeji yangu alileta yake kutoka Ubelgiji. Vifuniko vya miguu nilivishika mwenyewe, vizito, na sakafu yake ya saruji iliyong'arishwa haina alama hata moja. Hailii kwi-kwi saa kumi na moja alfajiri watoto wamelala. Ni mamia ya euro, ndiyo, na malipo ya kilo za ndege juu yake. Wekeni likelemba, ule mchango wa kupokezana zamu kwa zamu, kwa ajili yake.

JumpSport ya Marekani nayo ni ya kamba, nzuri. Naiweka ya pili kwa sababu kamba za akiba ni rahisi kuagiza Ubelgiji, ambako karibu kila familia hapa ina mtu, kuliko Marekani.

Za resori zisizo na jina, zinazoshuka na kontena: kama huna njia nyingine, nunua, kisha mpelekee fundi viatu miguu siku hiyo hiyo akukatie vitako vya tairi la gari.

Muuzaji wangu alikataa noti yangu ya dola 20 kwa mchaniko mdogo pembeni, ikabidi nirudi nyumbani kutafuta nyingine. Nilipomrudishia vifuniko vilivyotoboka, alisema mpira si sehemu ya mashine. Kwenye kasha imeandikwa inabeba mtu wa hadi kilo 150. Karatasi iliyokuwa ndani inasema 100. Nilimwonyesha zote mbili, akaniuliza kama nataka kununua vifuniko vipya, dola 3 kimoja. Miguu ni sita.