Wavu wa kukinga maji ya ukungu: uzoefu wangu baada ya kuutumia kilimani

Wavu wa ukungu hauzalishi maji. Unakinga yale ambayo tayari yanapita hewani mbele ya kilima chako, na yasipopita, umenunua neti na nguzo tu. Wauzaji wengi hulipitia jambo hili haraka, kwa hiyo naliweka mbele.

Nilio nao ni wa aina iliyoenea kuliko zote: neti ya plastiki iitwayo Raschel, ileile inayowekea mimea kivuli, tabaka mbili, urefu mita 10 na kimo mita 4. Ukingo wa chini umeinuliwa mita 2 kutoka ardhini. Umekazwa katikati ya nguzo mbili juu ya mgongo wa kilima, ukiukabili upepo unaoleta ukungu. Chini yake kuna gata, gata inamwaga kwenye bomba, bomba linateremka hadi kwenye tangi. Pampu haipo, umeme hauhitajiki. Kwa mtu anayeishi mahali ambapo mvua ni ya kubahatisha, hilo peke yake ni neema.

Lakini upepo ndio kila kitu. Usiku wa ukungu mzito usio na upepo, gata inadondosha matone ya kuhesabika. Ukungu uleule ukisukumwa na upepo wa wastani, maji yanatiririka mpaka asubuhi. Sababu yake ni udogo wa matone: mengi yana upana wa kati ya mikromita 1 na 40 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), mepesi kiasi kwamba yanaelea badala ya kuanguka. Lazima yapelekwe yakagonge nyuzi, yashikane, yawe mazito, ndipo yateremke. Zile tabaka mbili zinasuguana kwenye upepo na kuyaangusha upesi. Ndiyo maana bondeni, hata ukungu uwe mzito vipi, sishauri mtu aweke.

Kuhusu kiasi, nitumie mfano unaojulikana badala ya kujisifia usiku mmoja mzuri. Kijiji cha Chungungo, kaskazini mwa Chile, kilianza kupata maji ya ukungu mwaka 1992 kutoka kwenye nyavu karibu 100 zilizowekwa mlimani El Tofo, na wastani ulikuwa kama lita 15,000 kwa siku. Gawanya: lita 150 kwa wavu mmoja, tena kwenye mojawapo ya sehemu mashuhuri duniani kwa kazi hii. Anayekuahidi mara tatu ya hapo, mwulize alipima wapi na kwa muda gani. Wangu msimu wa ukungu unatutosha kwa kupikia, kunywa na kumwagilia bustani ndogo. Msimu wa jua kali hautoi kitu, na tunaishi kwa akiba ya tangi.

Malalamiko yangu makubwa ni vibanio. Vilivyokuja na seti vilikuwa vya plastiki nyepesi. Jua lilivikausha vikakatika, na neti ikaanza kuchanika kuanzia pembeni. Nimevibadilisha kwa mbao nyembamba zinazobana neti pande zote mbili, na sasa inashika vizuri. Kwenye mlima Boutmezguida, kusini-magharibi mwa Moroko, shirika la Dar Si Hmad lilihamia kwenye nyavu zenye viungo vya mpira vinavyonyumbuka upepo ukizidi. Ningekuwa nanunua leo, ningelipia zaidi kwa ajili ya kitu kama hicho kabla ya kufikiria ukubwa wa neti. Chungungo wenyewe walirudi kwenye maji ya lori baada ya matunzo kulegea, na ukungu ulikuwa bado unapita palepale.

Maji yenyewe ni matamu, hayana chumvi wala harufu. Ila neti ikikaa kavu kwa muda inabeba vumbi, wadudu na kinyesi cha ndege, kwa hiyo nimeweka koki ya kumwaga maji ya kwanza kabla hayajaingia tangini. Gata nasugua mara kwa mara maana huota ukijani. Ya kunywa tunachemsha, na tangi lina mfuniko.

Kabla hujatoa hela, tengeneza fremu ndogo ya mita 1 kwa mita 1, ivalishe neti hiyohiyo, iinue mita 2 juu ya ardhi na upime maji yake kila siku kwa mwaka mzima. Ni kipimo kilichopendekezwa na watafiti wa ukungu Robert Schemenauer na Pilar Cereceda mwaka 1994, na bado ndicho kinachotumika. Wangu naupa nyota nne kati ya tano. Ya tano imekwenda na vibanio. Nyavu nyingine mbili nimeshaziagiza, bila vibanio vyao.